Mkaa Uliokolea

Mvua ikinyesha Makambako siku ya msiba, watu hawaulizi kama mchungaji amefika. Wanauliza kwanza, "Mama Yusto yupo?" Mchungaji anaweza kuchelewa na marehemu akamsubiri, hana haraka tena. Lakini waombolezaji waliokaa chini ya turubai, na upepo ule wa Makambako ukiwapenya hadi kwenye mifupa, hao hawawezi kuusubiri moto. Wanaume watapuliza kuni mbichi mpaka macho yawe mekundu, watamwaga mafuta ya taa mpaka uwanja unuke, mwisho wataanza kulaumiana. Ndipo atakapotokea mwanamke mfupi, mnene kiasi, kitenge kimefungwa juu ya sweta. Atawasogeza kwa kiwiko bila salamu na kupiga magoti penye kuni. Kitambo kidogo tu, moto huo! Naye atainuka akijifuta mikono na kusema, "Haya, sasa tusalimiane. Kamwene."

Jina lake ni Esnath Chaula, mzaliwa wa Tandala kule Makete, aliyeletwa Makambako na ndoa na kubakizwa na ujane. Anapika pale malori yanapoegeshwa: wali, maharage, ugali, na chai ya tangawizi inayowaamsha madereva kuliko honi. Jiko lake ndilo la kwanza kuwaka alfajiri. Ujuzi huo aliutoa utotoni. Kwao moto haukuzimwa, ulifukiwa jivuni ulale. Na ukizimika kwa bahati mbaya, mtoto alitumwa kwa jirani kuomba kaa moja, akalileta kwenye kigae akilipuliza njia nzima huku vidole vya miguu vimekufa ganzi. Ole wake aliyefika na kaa jeusi. Esnath hakufika nalo jeusi hata mara moja, na hilo alilisema kila alipopata mtu wa kumsikiliza, na hata alipokosa.

Maana alikuwa na majivuno, tusimsingizie upole. Ukimsifu kwa moto wake anakuongezea maharage. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini kwa Mama Yusto tembo lilizidi kuwa kali, na watu wakazidi kumsifu.

Basi mwaka huo mkwewe Elina, mke wa Yusto, alikwenda kwao Iwawa kujifungulia kwa mama yake, kama ilivyo desturi kwa mimba ya kwanza. Mtoto hakusubiri siku zake. Alitoka mapema, mdogo, kichwa chake kinaenea kwenye kiganja, ikabidi alazwe hospitalini Tandala yeye na mama yake mpaka apate uzito. Alikuwa wa kike. Yusto akasema ataitwa Esnath. Bibi mtu aliposikia ana somo wake hakulala kwa furaha. Akamwachia jirani yake Beatrisi masufuria na wateja, akapanda gari kwenda kuwachukua yeye mwenyewe. Yusto alikuwa na pikipiki za watu karakana nzima, akabaki.

Siku ya kuruhusiwa, nesi alimfungua Elina kifua, akamlaza mtoto pale katikati ya matiti, ngozi kwa ngozi, akawafunika kwa kitenge na sweta. Akasema, "Abebwe hivi hivi mpaka nyumbani. Mtoto wa namna hii adui yake ni baridi. Mnanielewa, Mama?"

"Baridi?" Esnath alicheka. "Mwanangu, baridi na mimi tunajuana tangu zamani. Niachie mimi."

Ilikuwa Julai. Mwenye kuijua Makete ya Julai hahitaji kuelezwa. Ukungu ulikuwa umeketi juu ya mashamba ya viazi, manyunyu hayaishi, na watu wanapishana barabarani wamejikunyata kama wanaoficha kitu. Usafiri walioupata ni Kanta, lori dogo la Haruni, dereva wa viazi aliyekula kwa Mama Yusto miaka mingi na kumwita mama. Haruni aliwaweka wote kwenye kabini, Elina dirishani na mtoto kifuani, Esnath katikati. Nyuma kulikuwa na viazi vichache, gunia la mkaa ambalo Esnath alilinunua njiani kwa sababu mkaa wa miti ya miwati ya kule ni mzuri, karai, na turubai.

"Nachepuka kidogo tu," Haruni alisema. "Kuna mtu ana gunia zake za mbegu ndani huko kwenye misonobari. Tunapakia, tunarudi lami."

Kidogo tu! Ukimsikia dereva wa mizigo anasema kidogo tu, shuka. Njia ile ya msituni ilikuwa tope jekundu, na kwenye mteremko gari lilianza kwenda linakotaka lenyewe. Haruni alikata usukani huku, gari likaenda kule, tairi za kushoto zikazama mtaroni, na jiwe likapiga chini ya gari kwa kishindo. Elina alipiga kelele na kumkumbatia mtoto. Gari likasimama limeinama upande. Baadaye kidogo wakasikia harufu ya dizeli inayochuruzika kwenda mtaroni.

Hakuna aliyeumia. Walimfunua mtoto, wakamwona anachezesha midomo, wakamshukuru Mungu. Haruni alijaribu kuwasha gari, likakohoa na kunyamaza. Simu hazikushika mtandao, hata Haruni alipopanda juu ya viazi na kuinua mkono. Hita ya gari lile ilikufa kabla hajalinunua. Adhuhuri hiyo ilikuwa kama magharibi kwa ukungu, na baridi ikaanza kuingia kwenye kabini kupitia kioo cha dirisha ambacho hakikupanda mpaka juu.

Elina alianza kutetemeka. Alikuwa amepungukiwa damu tangu uzazi, na mwili ambao ungempasha mtoto moto ulikuwa wenyewe unaomba moto. Esnath aliingiza mkono chini ya sweta la mkwewe akagusa miguu ya somo wake. Ilikuwa baridi. Akaigusa tena, hakuamini. Kila alilolijua maishani kuhusu watoto wadogo na milima ile lilimwambia jambo moja: miguu ikishakuwa hivyo, huna muda.

"Mama, anapoa," Elina alisema, na sauti yake ilikuwa nyembamba mno.

"Hapoi. Mimi nipo." Akamgeukia Haruni. "Kiberiti."

Haruni alikuwa na kiberiti cha gesi, kikatoa cheche na kukataa moto, gesi imekwisha. Esnath alikuwa na kiberiti cha njiti ndani ya mkoba wake, lakini mkoba ulikuwa chini, na maji ya mtaroni yalikuwa yamepenya mlangoni. Njiti zilivunjika kama ugali. Haruni akashika kichwa.

"Basi," alisema. "Nitembee nikatafute watu."

"Utatembea baadaye. Sasa nipe kisu, kisha ukanikatie yale matawi makavu ya chini ya msonobari, yale yaliyokufa yakiwa bado mtini. Ya chini ardhini usiyaguse, yameloa. Na ukiona gome linatoa utomvu uliokauka, lete na hilo."

Hapo ndipo ungemjua Mama Yusto. Alishuka, akatandika mawe bapa mbali na ile dizeli, chini ya mti, akamwambia Haruni afunge turubai juu yake kwa upande mmoja. Akavunja matawi na kuyachonga mpaka akafika moyo mkavu, akakusanya vinyweleo vyembamba vyekundu vya mti wenye utomvu. Akakata kipande cha ule mpira wa tairi la ndani wanaofungia mizigo, akakichana vipande vyembamba. Mpira, ukishashika, mvua hauijui. Kutoka kwenye mfuko wa mtoto alichukua pamba, akaipaka mafuta ya mgando kidogo tu, nyingine akaiacha kavu, akaichambua mpaka ikawa kama ukungu wenyewe.

"Na moto wa kuiwasha?" Haruni aliuliza.

Esnath alitoa tochi yake, akaifungua, akamwaga betri mbili kiganjani. Kisha akatoa pakiti ya stilwaya aliyoinunua Iwawa kwa ajili ya masufuria yake. Haruni alicheka licha ya shida.

"Unataka kuosha vyombo, Mama?"

"Nataka uzibe upepo na mdomo."

Aliivuta stilwaya mpaka ikawa uzi mrefu mwembamba, akazipanga betri moja juu ya nyingine, ncha moja ya uzi akaibana chini kwa kidole, ncha nyingine akaigusisha juu. Hakuna kilichotokea. Akagusa tena. Uzi ukakimbia wekundu, kama siafu wa moto wanaofuatana, ukamchoma kidole, naye hakuachia. Akauingiza kwenye pamba kavu na kupuliza, pumzi ndefu isiyo na haraka, ile ya mtoto mwenye kigae. Pamba ikafuka, ikafanya jicho, ikawaka. Mafuta yakaushika ule moto, vinyweleo vikapokea, mpira ukatoa moshi mweusi wa kunuka, na matawi yakaanza kulia.

Haruni alivua kofia. Alisema baadaye kwamba hata kanisani hajawahi kuivua hivyo.

Basi. Hadithi hii ingeishia hapa ingekuwa tamu, na ndiyo iliyosimuliwa kwanza Makambako. Lakini turubai lile lilikuwa linavuja, moshi ulikuwa unageuka na upepo, na Esnath hakutaka kumtoa mzazi na kichanga kwenye kabini waje wakae kwenye tope. Akaona moto ndio uwafuate. Akapasua gunia la mkaa, akachukua wa katikati ambao haujaloa, akaujaza kwenye karai, akauweka motoni mpaka ukakolea. Akasubiri kwa subira, kama kawaida yake. Kwake hilo lilikuwa ndilo jambo kubwa, na si kwake peke yake, bali kwa kila nyumba ya baridi kuanzia Makete hadi Makambako: moshi ndio unaodhuru. Mkaa ukishakolea wote, ukawa mwekundu usio na moshi wala harufu, huo ni salama. Ni joto tupu.

Aliuingiza kwenye kabini, akauweka chini juu ya jiwe, mbali na nguo za Elina. Akauziba ule mwanya wa dirisha kwa kitenge.

"Ahsante, Mama," Elina alisema akinyoosha vidole juu ya karai. Uso ulimlegea kwa raha. "Mungu akubariki. Tulikuwa tunakufa."

"Lala sasa. Mtoto usimtoe kifuani." Akafunga mlango, akausukuma kwa nyonga mpaka ukalia.

Yeye na Haruni wakabaki nje. Haruni alichimba tope kwenye tairi, naye Esnath aliongeza mpira motoni ili moshi mweusi uonekane kama kuna mtu upande wa pili wa bonde. Aliimba. Ndiyo, aliimba wimbo wa kanisani, mvua inamnyeshea, kwa sababu alikuwa amelipa deni lake kwa somo wake na baridi imeshindwa. Baada ya muda alikwenda kuchungulia. Kioo kilikuwa na jasho kwa ndani. Akafungua mlango kidogo. Elina amelala kichwa kimeegemea kiti, mashavu mekundu, mazuri. Akapeleka mkono kwenye miguu ya mtoto: ya moto! Machozi yalimtoka Esnath kwa furaha. Akafunga mlango upesi, joto lisitoke.

Akaufunga. Kwa mikono yake, na tabasamu usoni.

Haruni ndiye aliyekwenda kuchukua jeki, ambayo ilikuwa chini ya kiti. Alifungua mlango wa upande wa Elina, na Elina akamwangukia. Hakujishika. Alishuka kichwa kwanza kama gunia lisilofungwa vizuri, na kama Haruni asingekuwa na nguvu, angefika chini na mtoto akiwa katikati.

"Mama Yusto! Mama! Njoo!"

Esnath alikuja akikimbia na kuteleza. Alimwona Elina kwenye mikono ya Haruni, mdomo wazi, macho nusu. Hakumwangalia zaidi. Alipasua vifungo vya sweta, akamtoa mtoto. Mtoto alikuwa wa moto, mwekundu, mzuri. Na alikuwa hapumui.

Jamani! Alimwita. Alimwita kwa jina, ambalo lilikuwa jina lake mwenyewe, "Esnath! Esnath we!" na ilisikika kama mwanamke aliyerukwa na akili anayejiita msituni. Alimgeuza tumbo juu ya mkono, akamsugua mgongo. Akampuliza usoni. Akamfunika pua na mdomo kwa mdomo wake na kumpa pumzi kidogo, kidogo, kama alivyowahi kuona wakunga wakifanya, na manyunyu yakimdondokea mtoto kwenye tumbo tupu. Hakuna. Akampa tena. Hapo ndipo kile kijitumbo kilipojikunja, mtoto akakwama, akakohoa, akalia. Kilio kidogo cha paka. Esnath alikaa chini kwenye tope.

Elina naye, akiwa amelazwa kwenye magunia upeponi, alianza kutapika. Alishika kichwa na kulalamika kwamba kinapasuka, kisha akauliza yuko wapi.

"Ni damu," Esnath alisema. "Ni baridi na upungufu wa damu."

Haruni aliinama ndani ya kabini kuchukua kitenge, akatoka haraka akijishika mlangoni. "Mama," alisema polepole, "ni huo mkaa."

"Mkaa gani? Hauna moshi! Nusa mwenyewe, una moshi?"

"Sinusi kitu. Lakini kichwa kimenizunguka sasa hivi tu."

"Mimi nimelala na jiko miaka yangu yote!"

"Kwenye nyumba ya matundu, labda. Ingia basi. Ingia ukae."

Esnath alikubali kwa hasira ili Haruni aone haya. Aliingia kweli, mtoto akiwa kwa Haruni, akakaa penye kiti cha Elina, uso juu ya karai. Joto lilikuwa zuri. Hakukuwa na harufu ya kitu. Alikaa hivyo mpaka akasikia damu inagonga masikioni, na magoti yakawa si yake, na wazo likamjia kwamba angependa kusinzia kidogo. Raha ile ndiyo iliyomtisha. Alijitupa nje. Haruni akalichukua karai kwa vitambaa na kulimwaga mtaroni, na makaa yakapiga kelele kwenye maji.

Lakini mtoto alikuwa bado uchi upeponi, na baridi haikuwa imekwenda popote. Esnath akavua sweta na blauzi mbele ya Haruni, ambaye aligeukia miti, akamweka somo wake kwenye kifua chake mwenyewe. Akajifunika kitenge, akavaa sweta juu, na juu ya sweta mfuko wa nailoni wa viazi ili manyunyu yasipenye, uso wa mtoto akiuacha nje. Walitandika matawi mabichi ya msonobari yawe godoro la kuwatenga na tope, wakamlaza Elina juu yake chini ya turubai, upande wa wazi ukitazama moto. Haruni akaokota mawe ya nchi kavu, maana ya mtoni hupasuka, akayapasha moto, akayafunga kwenye magunia na kumwekea Elina miguuni. Hewa ilipita, moshi ulipita, waliumwa macho wakakohoa. Walikuwa hai.

Jioni ilikuwa bado haijaingia wakati lori la mbao lilipotokea. Dereva wake, Wiliam, alikuwa ameuona ule moshi mweusi wa mpira akadhani msitu unaungua. Akawapakia, akawapeleka mpaka Njombe mjini, kwenye kituo cha afya, na njia nzima Haruni alimsimulia habari za betri na stilwaya kwa sababu hiyo ndiyo aliyoweza kuisimulia.

Nesi wa pale aliwapima, akawapa vitanda. Kisha akauliza, kalamu mkononi, "Ilikuwaje mpaka mzazi akazimia?"

Haruni alimtazama Mama Yusto. Mama Yusto alifungua mdomo. Alikuwa mtu wa maneno mengi siku zote, na siku hiyo alilipata moja tu.

"Baridi," alisema.

Haruni akatazama viatu vyake. Elina, ambaye hakukumbuka lolote baada ya kunyoosha vidole juu ya karai, aliushika mkono wa mama mkwe wake na kuubusu. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini usiku ule Esnath aliiona ndefu kuliko ile ya msituni. Alikaa kwenye benchi akihesabu pumzi za mtoto, na kila mtoto alipopumzika kidogo kati ya pumzi mbili, yeye alisimama.

Asubuhi waliambiwa wote wawili wanaendelea vizuri. Haruni alibaki kutafuta wa kulivuta gari lake. Mchana Esnath na Elina wakafika Makambako, na habari ilikuwa imewatangulia. Wiliam ana simu na Wiliam ana mdomo. Walikuta uwanja umejaa. Kina mama wa jumuiya walipiga vigelegele, mmoja akapiga debe. Yusto, mafuta ya pikipiki yakiwa bado kwenye viganja, alimkumbatia mama yake akalia hadharani kama mtoto.

"Mama ameniokolea watu wangu," aliwaambia watu. "Kwa betri za tochi! Kwenye mvua!"

"Huyu si mtu, ni kiberiti," alisema Beatrisi, na watu wakacheka.

Esnath alitabasamu kwa midomo. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusifiwa asiongezee neno. Beatrisi akamshika mkono Elina na kuwaongoza wote ndani, akijigamba kwa kazi aliyoifanya. "Msiwe na wasiwasi na upepo wetu. Chumba cha mzazi nimekiandaa tangu asubuhi. Ingieni muone."

Akafungua mlango.

Joto liliwapiga usoni. Kitanda kimetandikwa shuka safi. Dirisha limepigiliwa nailoni pembe zote nne, kwa misumari. Nyuma ya mlango kuna gunia lililokunjwa tayari kwa kuziba chini. Na pembeni mwa kitanda, karibu na mahali alipoandaliwa mtoto, jiko kubwa limejaa mkaa mwekundu, mzuri, uliokolea, usio na hata uzi wa moshi.

Elina alivuta hewa kwa furaha. "Ah, joto!" Akapiga hatua.

"Usiingie!"

Watu walishtuka. Esnath alikuwa amejitupa mlangoni, mikono imeshika miimo yote miwili, na uso wake haukuwa uso waliouzoea. Alimtazama Elina, akamtazama Yusto, akaitazama ile kanga mpya Beatrisi aliyokuwa ameishika amvike begani. Angeweza kusema chumba ni kidogo. Angeweza kusema mtoto ana jasho. Uongo ulikuwa umejipanga mdomoni, tena mzuri. Lakini leo angeutoa huu, na kesho je, akiwa kwenye wali wake, nani angelitoa jiko?

"Huo moto ndio uliotaka kumuua mtoto," alisema. "Si baridi. Baridi nilisema mimi. Niliwawashia mkaa kwenye gari, mzuri kama huo, hauna moshi, nikawafungia mlango. Nikarudi nikawaona wamelala, nikafurahi, nikaufunga tena. Elina alianguka kama maiti. Mtoto alikuwa hapumui. Nimempulizia pumzi kwa mdomo wangu, Yusto, alikuwa hapumui!"

Debe lilinyamaza uwanjani.

"Mama Yusto, umechoka," Beatrisi alisema kwa sauti ya chini. "Mkaa ukishakolea haudhuru. Si ndivyo ulivyotufundisha wewe mwenyewe? Tangu tumehamia mtaa huu? Ukolee nje, uingize, uzibe."

"Ndivyo nilivyowafundisha."

Walimkodolea macho. Kisha uso wa Beatrisi ulibadilika rangi, polepole, kuanzia midomo. Kanga ikamtoka mikononi.

"Mama yangu," alisema. Bibi Feliciana, mama yake mzazi, alikuwa mzee asiyetoka kitandani. "Nimemfungia na jiko. Ili nije huku."

Aliwapita watu kama upepo, kiatu kimoja kikabaki kizingitini. Scholastica wa duka la pembeni akasema, "Na mimi mapacha!" akatoka mbio. Akafuata mwingine, na mwingine, kina mama waliokuwa wakipiga vigelegele sasa hivi, wanakimbia huku na kule wakiinua vitenge magotini, wakiita majina ya watoto na ya wazee, na mtaa mzima ukasikika milango ikipigwa teke. Baada ya kitambo, kutoka nyumba ya Beatrisi, ilisikika sauti ya kizee ikifoka kali kabisa kwamba nani amefungua dirisha na baridi hii. Esnath aliisikia, akaziba uso kwa mikono miwili.

Elina hakuwa amesogea.

"Yule nesi wa Njombe alipouliza," alisema. "Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Na mimi nikakubusu mkono."

Yusto alikuwa ameegemea ukuta kama mtu aliyepigwa. Elina alimkaza mwanawe kifuani, akampita mama mkwe wake bila kumgusa, akaenda kukaa uwanjani juani, kwenye lile benchi la wageni, mgongo ameupa nyumba.

Esnath aliingia peke yake chumbani. Alilibeba lile jiko kwa vishikio vyake, bila kitambaa, akalitoa nje mpaka kando ya uzio. Akarudi. Alikamata ile nailoni ya dirisha, akaing'oa kwa kucha, msumari baada ya msumari, mpaka upepo wa Makambako ukaingia wote na kuinua shuka kitandani.

Alitoka na blanketi, akasimama mbali kidogo na benchi, hakuthubutu kusogea zaidi. Mtoto alipiga chafya. Elina aliangalia dirisha lililo wazi, akaangalia viganja vya mama mkwe wake vilivyoungua, kisha akanyoosha mkono na kulipokea blanketi.

"Lala naye wewe leo, Mama," alisema bila kumtazama. "Kifuani. Mimi nitakaa macho niwaangalie nyote wawili."